Matone Aliyohesabu Baba Mkwe

Bahari yangu ilikuwa sebuleni, hapa Machakos, kwenye mteremko ambao hata maji ya kunywa tunayafuata bondeni na punda. Nikiwaambia watu hivyo siku hizi wananiangalia kama mtu aliyeanza kupotea. Lakini ilikuwepo. Tangi la kioo, refu kama nusu ya benchi la kanisani, limejaa maji ya chumvi kutoka Mombasa, na taa juu yake, na pampu ndogo inayonguruma mpaka masikio yanaizoea. Stima ikipotea, kile kimya ndicho kinachokushtua.

Mume wangu ndiye aliyelileta. Alifanya kazi Mombasa kwa mtu aliyenunua samaki wa rangi kutoka kwa wazamiaji na kuwatuma ng'ambo kwa ndege, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki kama mtoto anayeenda bweni na sanduku. Mimi nilidhani mwanamume akifanya kazi pwani ataleta nazi. Akaleta tangi. Kabati langu la vikombe likahamishiwa jikoni, na tangu siku hiyo nikawa napika nikiwa nimekaa upande.

Samaki walikuwa wawili tu, na hao sitawaongelea sana kwa sababu walikuwa hawana maneno, wanakula na kuzunguka. Kitu chenyewe kilikuwa tumbawe. Ukiliona utasema ni jiwe, na mimi nilibisha muda mrefu kwamba ni jiwe, mpaka siku nilipoona midomo yake ikifunguka, midomo mingi midogo kama vifungo vya shati, kila mmoja na vidole vyake vya kijani vikicheza majini. Mume wangu alipewa na yule mwajiri wake likiwa dogo kama andazi. Alililea kwenye ndoo, akapanda nalo basi akiwa amelipakata, na likaja kukua hapa kwetu mpaka likawa kama kichwa cha kabeji. Hakuwahi kulea kitu kingine kwa mikono yake. Watoto wetu niliwalea mimi. Sisemi kwa uchungu, nasema tu vile ilikuwa.

Basi hilo tumbawe linajijengea mifupa, na mifupa hiyo inatoka kwa chokaa iliyo ndani ya maji. Wenyewe wanaita kalisiamu. Likijenga, chokaa inapungua. Ikipungua sana na isiongezwe, tumbawe linaanza kufa kutoka ukingoni, linakuwa jeupe kama mfupa uliotupwa jua. Kwa miaka hiyo sikujua habari ya kupungua, kwa sababu maji mapya yalikuwa yanakuja. Msomali mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe hapa mjini alikuwa na lori linalopeleka mafahali Mombasa na kurudi tupu, na dereva wake alikuwa anatuletea mitungi ya maji ya bahari yenye harufu ya kinyesi cha ng'ombe kwa nje. Tunamwaga ya zamani kidogo, tunaweka mapya, tumbawe linafurahi.

Halafu ukaja ugonjwa wa mifugo. Serikali ikafunga njia, ng'ombe asitoke wilaya moja kwenda nyingine. Lori likaegeshwa nyuma ya soko likaota majani kwenye magurudumu. Na bahari yetu ikawa haina bahari ya kuisaidia. Ulibaki mtungi mmoja tu, umefungwa, wa dharura.

Mume wangu akapiga simu. Simu ya nyumba ilikuwa moja, na ilikaa kwenye mfuko wa shati la baba mkwe, kwa hivyo chochote alichotaka kuniambia kilipita kwanza kwenye kifua cha baba yake. Alisema hivi: pimeni kila Jumamosi. Matone yakifika kumi na nane au yakiwa chini yake, wekeni ule unga wa chokaa niliouacha kwenye kopo, kidogo kidogo. Yakizidi kumi na nane, msiguse unga kabisa. Kwa sababu unga ukiwekwa na hauhitajiki, maji yanachafuka meupe kama uji, na kila kilicho ndani kinakufa.

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Ukiacha, tumbawe linakufa polepole. Ukikosea, linakufa mara moja. Na katikati kuna hesabu ya matone.

Niseme vile chokaa inavyopimwa, kwa sababu bila hivyo hutanielewa. Kulikuwa na kisanduku chenye chupa ndogo ya kioo, bomba la sindano lisilo na sindano, na dawa tatu. Unavuta maji ya tangi kwa bomba, unaangalia lisishike povu la hewa, unayatia kwenye ile chupa ya kioo. Unaweka dawa ya kwanza. Unaweka unga kidogo wa rangi, maji yanakuwa ya pinki kama ya Fanta fulani. Halafu unashika ile dawa ya tatu, unaigeuza mdomo chini, wima kabisa, kwa sababu ukiilaza matone yanatoka madogo, na unadondosha moja, unatikisa, moja, unatikisa, mpaka pinki igeuke bluu. Hesabu ya matone ndiyo hesabu ya chokaa. Na usisuuze chupa kwa maji ya kisima. Maji ya kisima chetu cha bondeni yana chokaa yake, muulize birika langu lilivyo ndani. Unasuuza kwa maji ya tangi lenyewe. Haya yote mume wangu alitufundisha siku moja sisi wawili, mimi nikiwa mlangoni na baba yake akiwa mezani.

Mlangoni kwa nini? Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni aibu na heshima vikiwa pamoja. Mke na baba mkwe hawakaribiani. Simtaji jina, simpi mkono, sikalii alipokalia, na akiwa sebuleni mimi mwisho wangu ni kizingiti. Vijana wa siku hizi wanakumbatia wakwe zao kama wachezaji wa mpira, na hawajafa, kwa hivyo sisemi ni vibaya. Lakini mzee wangu alikuwa wa zamani. Misa alienda, na nthoni aliishika vilevile. Akitaka kuniambia kitu alimwambia mama mkwe, hata kama mimi nimesimama hapo na nimesikia.

Na kazi ya kupima aliitwaa yeye. Alikuwa ametumika kiwanda cha saruji huko Athi River mpaka kifua kikaharibika, na alisema chokaa ni mtu wa kwao.

"Iko ngapi, Baba?" mama mkwe alimuuliza Jumamosi moja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mbaazi.

Mzee akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Bluu safi. "Kumi na tisa," akasema. "Iko sawa. Unga ukae mahali uko."

Mimi mlangoni nilikuwa naangalia tumbawe. Upande wa chini, karibu na mchanga, kulikuwa na mstari mweupe kama ukucha. Wiki iliyopita haukuwepo.

"Mama," nikasema, "mwambie Baba kuna mahali pameanza kuwa peupe."

"Amesikia," mama akasema.

"Mwambie," mzee akajibu akifunga dawa, "mimi chokaa nimeikula na mapafu haya. Yeye ameikula wapi? Kwa chapati?"

Mama akacheka. Mimi sikucheka. Ule mstari nilikuwa nauona hata nikigeuka.

Jumamosi iliyofuata, tena kumi na tisa. Na upeupe umepanda, sasa upana wa kidole. Vidole vya kijani vya upande ule havikutoka tena. Kuna rangi ya zambarau iliyokuwa imekaa kwenye mawe kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, nayo ikaanza kubanduka. Nikajua ile kumi na tisa ina kasoro. Lakini kujua si kuweza kusema.

Siku ambayo mzee alienda Tala kuangalia mbuzi, niliingia sebuleni nikafunga mlango. Nilipima kama nilivyofundishwa, hatua kwa hatua, chupa nimeiweka juu ya karatasi nyeupe dirishani. Ikageuka bluu kwa tone la kumi na saba.

Nikajiambia nimekosea. Darasa la tatu ndilo nililofika, na siku nyingi za shule nilikuwa nachunga mbuzi. Nikasuuza, nikarudia. Kumi na saba. Na sasa dawa ya tatu imeshuka kwenye chupa yake, kila mtu mwenye macho ataona. Nikaichukua nikaiinua kwenye mwanga, natamani kuongeza maji ijae. Namshukuru Mungu sikuongeza.

Mzee aliona kabla hajavua kofia.

"Mama," akasema, sauti imeshuka, na akishusha sauti ndipo pabaya, "muulize huyo, nani anakunywa dawa ya mtoto wangu?"

"Nimepima, Baba," nikasema. Moja kwa moja, bila kupitia mama. Mama akaacha kuchambua. "Nimepata kumi na saba. Mara mbili."

Alitazama ukuta. Simu ikalia mfukoni mwake, na nilijua ni nani, ilikuwa saa zake.

"Ni kumi na tisa," mzee akamwambia mwanawe. "Lakini hapa kuna daktari mwingine. Yeye ako na yake." Akampa mama simu, mama akanishikia sikioni, kwa sababu simu ya mzee sikuweza kuishika ikiwa bado na joto la mkono wake.

"Unasema ngapi?" mume wangu akauliza.

"Kumi na saba. Na tumbawe linakufa upande. Niruhusu niweke unga."

Nilisikia mawimbi au magari, sijui. "Mzee amefanya kazi ya chokaa miaka yote, na wewe..." Hakumaliza, na mimi nilimaliza kichwani. "Sasa nishike ya nani? Usiweke. Ukiweka na haihitajiki, utaua kila kitu, na hapo utaniambia nini? Utaniambia ulikuwa na uhakika?"

Hilo neno lilinikaa. Uhakika. Nilipika jioni hiyo nikaunguza. Kwa sababu kweli sikuwa nao. Nilikuwa na hesabu yangu na yeye ana yake, na kati ya hesabu ya mzee na ya mke, katika boma lolote unalolijua, inachukuliwa ipi? Tumbawe likifa, itasemwa nililipimapima hadi likafa. Na mume wangu atarudi aangalie jiwe jeupe, halafu aniangalie mimi.

Ni wakati nachota maji kwenye mtungi wa kisima ndipo nikaukumbuka ule mtungi wa dharura. Siku ya kufundishwa, mume wangu alianza kwa kupima maji ya bahari yaliyotoka kushushwa kwenye lori. Alisema bahari haibadilikibadiliki kama maji ya nyumba, ukipima yake unapata ishirini na moja. Basi mtungi ule ni bahari. Jibu lake linajulikana. Atakayepata ishirini na moja, huyo ndiye anayepima sawa, na mwingine aangalie mikono yake.

Nilisubiri mzee aende misa. Nilichota kikombe kimoja tu nikafunga mtungi haraka. Nikapima. Nilipofika tone la kumi na nane bado ni pinki, nikaanza kujiombea. Kumi na tisa, inaelekea zambarau. Ishirini, zambarau. Ishirini na moja, bluu. Nilikaa chini sakafuni. Mimi nilikuwa sawa.

Sasa, kuwa sawa peke yako chumbani hakusaidii tumbawe. Na bado sikujua yeye anakosea wapi. Bomba hakukosea, nilimwona. Chupa alisuuza vizuri. Dawa aliishika wima kuliko hata mimi. Nikamwambia mama amwombe apime maji ya mtungi, aone kama yameharibika kwa kukaa. Hiyo ilikuwa kweli nusu.

Mzee alipima asubuhi, baada ya kulisha kuku. Mimi nilisimama kizingitini, na safari hii sikutazama tumbawe wala rangi. Nilitazama mkono na mdomo wake. Alihesabu kwa Kikamba, kwa pumzi tu, midomo inasogea. Imwe. Ili. Itatu. Tone, tikisa. Tone, tikisa. Alipofika sita akasimama. Akainua ile dawa juu, mdomo wa chupa ukatazama dari, akameza mate. Hakuna tone lililoanguka. Halafu akaiinamisha tena, likaanguka tone, na midomo yake ikasema nane.

Nikangoja. Kumi na sita. Akasimama tena, akainua, akapumua kama mtu anayevuka mtaro. Akaendelea na kumi na nane.

"Ishirini na tatu," akasema kwa sauti. "Hata ya mtungi ni nzuri. Mwambie hata ya mtungi ni nzuri."

Nilimfuata mama jikoni, nikamweleza nilichoona. Mama aliweka mkono mdomoni, nikadhani amekasirika. Alikuwa anacheka asisikike.

"Saba?" akasema. "Huyo? Alichunga mbuzi za baba yake huko Yatta. Ile namba kwao hakuna anayeiita, wala hakuna kinachofanywa juu yake. Muonza, hiyo saba kwa lugha yetu, ni ugonjwa vilevile. Siku ya saba walikuwa hawachungi, anachunga mwingine. Mimi nimeishi naye nimezeeka, sijamsikia akiitaja hata kanisani. Padri akisema sakramenti saba, yeye anakohoa."

"Sasa anairuka."

"Hairuki. Hataki kitu cha mtoto wake kiangukie hapo." Akaacha kucheka. "Anamlinda, huoni?"

Hapo ndipo hasira zangu ziliponiacha mikono mitupu. Nilikuwa nimejiandaa kushindana na kiburi, na sasa naambiwa mzee anamkinga mwanawe. Kila tone alilozuia lilikuwa baraka. Na hizo baraka mbili za kila Jumamosi, zilizofanya kumi na saba isomeke kumi na tisa, ndizo zilizokuwa zinaua tumbawe.

Nani atamwambia? Mimi siwezi. Mama alisema yeye pia hawezi, kwa sababu kumwambia ni lazima uitaje. Mume wangu kwa simu angemwaibisha baba yake. Tukakaa tukiangalia sinia ya mbaazi katikati yetu. Kila mmoja anasema yeye ndiye aliyewaza kwanza kuzitumia, mama mpaka anakufa alisema ni yeye. Nimemwachia.

Jumamosi mama akabeba kigoda chake akakiweka karibu na meza, na bakuli magotini.

"Baba, wewe dondosha tu," akasema. "Usichoshe kifua kwa kuhesabu. Tone likianguka, mimi naweka mbaazi moja kwa bakuli. Ikigeuka tunaangalia."

Mzee akamtazama muda mrefu. Halafu akatazama upande wa mlango, si mimi, mwimo wa mlango, karibu na bega langu. Nikajua amejua. Nilibana kanga yangu mkononi, nikisubiri atupe kisanduku dirishani.

"Na mbaazi atazihesabu nani?"

"Huyo hapo," mama akasema.

"Sawa. Yeye ana mdomo wa kisasa." Akavuta maji.

Tone, mbaazi. Tone, mbaazi. Hakusema namba yoyote. Mkono wake haukusimama, isipokuwa baada ya tone la sita ulisita kidogo, na mama akadondosha mbaazi yake haraka sana, kama anayemfichia. Pinki, pinki, zambarau, bluu. Bakuli likasukumwa sakafuni hadi kizingitini. Nikachuchumaa nikahesabu kwa sauti ya chini, na nilipofika penyewe nikanong'ona.

"Kumi na saba, Mama."

Mzee akatoa simu mfukoni mwenyewe. Akabonyeza, akangojea, uso ameukaza.

"Leo ni kumi na sita," akamwambia mwanawe, "na nyingine moja." Akasikiliza. "Ndiyo. Chini ya ile yako. Ni ya huyo ndiyo ya ukweli. Unga tunaweka leo."

Tuliweka kidogo kidogo kama tulivyoagizwa, umekorogwa kwanza kwenye kikombe, mzee anamimina karibu na pampu, mimi naangalia kutoka mlangoni kama maji yatabadilika rangi. Nilikuwa naogopa bado. Hesabu sahihi haiondoi woga, wale wanaosema inaondoa hawajawahi kumwaga kitu ndani ya kitu chenye uhai. Lakini maji yalibaki safi ya kuonekana ndani, hayakuwa meupe kama uji. Jumamosi nyingine mbaazi zikapanda, na nyingine zikapanda tena.

Upeupe ukasimama. Haukurudi nyuma, ulisimama tu pale ulipofika, katikati kabisa.

Njia zilipofunguliwa mume wangu alikuja na lori lenyewe, amekaa mbele na dereva, mitungi nyuma. Hakuingia jikoni kunisalimu. Alienda moja kwa moja kwenye tangi, akapiga magoti. Nusu ya tumbawe ilikuwa mfupa, imeshaanza kuota majani ya kahawia. Dereva aliyebeba mtungi akauweka chini bila kuuliza uwekwe wapi.

"Nani alikuwa anapima wakati hii inakufa?" akauliza. Aliuliza kioo, lakini kichwa chake kilikuwa kinageukia mlangoni, kwangu.

Mama alitazama chini.

"Mimi," mzee akasema kutoka kwenye kiti chake. "Nilikuwa nahesabu mimi. Huyo alisema mapema, nikakataa. Kama ni maneno, leta kwangu."

Mume wangu akaomba msumeno wa chuma na ndoo ya maji mapya. Tukatoa tumbawe, tukaliweka juu ya kitambaa kilicholowa, na akaanza kukata pale penye mpaka wa mfupa na uhai, ili upande mzima urudi kuishi kwenye tangi, polepole, meno ya msumeno yakilia kama yanakata sahani. Mimi nilishika upande ulio hai. Ulikuwa baridi na unateleza, na ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.